Tuzo katika ubongo: kwa nini mraibu hutamani asichokifurahia tena

Ukitaja tuzo, wengi huwaza kombe au bahasha. Kwa wanaochunguza ubongo, tuzo ni chochote kinachomfanya kiumbe arudie alichokifanya: maji kwa mwenye kiu, sifa kutoka kwa mtu unayemheshimu, mshahara. Si lazima kiwe kizuri kwako. Inatosha ubongo uamini kwamba kimelipa.

Mwaka 1954 watafiti James Olds na Peter Milner, wakiwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, waliwapachika panya waya ndani ya ubongo na kuwawekea kitufe cha kujipa umeme kidogo. Panya walikibonyeza mamia ya mara kwa saa. Basi ikasemwa kituo cha raha kimepatikana. Jina tamu, lakini lilipotosha, maana watu wakaja kuamini kwamba dopamini, kemikali inayobeba ujumbe wa tuzo, ndiyo raha yenyewe.

Baadaye mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alionyesha jambo jingine kwa kima. Mwanzoni, kima akidondoshewa tone la juisi mdomoni, seli zake za dopamini huchachamaa. Akishajua kwamba taa hutangulia juisi, seli huitikia taa, na juisi ikija hutulia kana kwamba hakuna jipya. Taa ikiwaka juisi isije, hushuka chini ya kawaida yake. Kumbe dopamini inapiga hesabu: nilitarajia nini, nimepata nini?

Kokeini huivuruga hesabu hiyo. Huzuia dopamini isirudi ndani ya seli iliyoitoa, nayo hubaki nje ikipiga kelele kwamba malipo yamezidi matarajio, hata pasipozidi kitu. Juisi huzoeleka, dawa kila mara hujitangaza kuwa mpya. Ndiyo maana vitu vidogo vinavyoitangulia hupata nguvu ya ajabu: kiberiti, kipande cha foili, sauti ya mtu fulani kwenye simu. Wakati huohuo vipokezi vya dopamini hupungua, na raha hufifia navyo. Hamu inapanda, utamu unashuka. Anayemwona teja akihangaikia kete hudhani anafuata starehe, na mara nyingi starehe ilishaondoka zamani; iliyobaki ni hamu, na hofu ya arosto, yale mateso ya kuikosa dawa.

Sasa kujizuia. Tumezoea kulieleza jambo hili kama ugomvi: matamanio huku, utashi kule, mwenye moyo mgumu hushinda. Mimi naona mizani ni mfano unaofaa zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hupima cha sasa dhidi ya cha kesho, kikubwa dhidi ya kidogo. Mizani ikikwama, utashi hauna cha kushika.

Mwaka 2007 Rita Goldstein, Nora Volkow na wenzao nchini Marekani waliwalinganisha watumiaji wa kokeini na wasiotumia. Zaidi ya nusu ya watumiaji walizipa dola 10 na dola 1,000 thamani ileile. Si kwamba hawajui kuhesabu. Hata sehemu ile ya mbele ya ubongo wao haikuchangamka sawasawa fedha zilipoongezeka. Kundi lilikuwa dogo, na picha ya ubongo haisemi kama hali hiyo ililetwa na dawa au ilikuwepo tangu awali. Lakini mtu wa namna hii ukimwambia "fikiria maisha yako miaka kumi ijayo", unamwekea mzigo kwenye mizani isiyosogea.

Miaka ya 1990 mtafiti Stephen Higgins na wenzake wa jimbo la Vermont, Marekani, waliitumia tuzo yenyewe kama tiba. Mkojo ukikutwa safi, mtu anapewa vocha. Thamani hupanda kadiri vipimo safi vinavyofuatana. Kokeini ikionekana, inarudi pale ilipoanzia. Wapo wanaoiita hongo, na ni kweli kwamba vocha zikikoma baadhi ya waliokuwa wakizipokea hurudia dawa. Ila ujanja wake uko kwenye muda: vocha haisubiri mwisho wa mwezi, hutolewa mtu akiwa bado amesimama mbele ya aliyempima.