Mvua ya Pugu inavyofika Jangwani

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukakatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kila masika, watu wa Jangwani na Kigogo huuliza maji yatafika wapi safari hii. Kazi yangu ni kulitafutia jibu swali hilo kwa kompyuta.

Wengine huchukua kumbukumbu za mvua na za kina cha mto, wakatafuta uhusiano wake. Kwa Msimbazi siiamini njia hiyo. Kumbukumbu za zamani ni za bonde lenye mashamba na vichaka, na sehemu kubwa ya bonde hilo leo ni mabati na zege. Ndiyo maana naanza na fizikia. Bonde lote nalikata viraba, kila kimoja na mwinuko wake, udongo wake na kilichojengwa juu yake. Maji yanayozama nayafuata kwa mlinganyo wa Richards wa mwaka 1931, na yanayotiririka juu kwa milinganyo ya Saint-Venant ya mwaka 1871. Udongo ukishiba, au mvua ikizidi kasi ya kufyonzwa, maji yanayobaki hushukia kiraba cha jirani. Na si haba: milimita 1 tu ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1.

Ugumu mkubwa uko kwenye udongo. Mchanga unaweza kupitisha maji mara maelfu kuliko mfinyanzi, nasi tunapima mashimo machache tu. Hivyo makadirio tofauti kabisa ya udongo yanaweza kutoa mafuriko yaleyale. Keith Beven, mtaalamu wa Uingereza, amelisisitiza hilo kwa miaka mingi, nami nipo upande wake: modeli, yaani hesabu hii ya bonde kwenye kompyuta, naiendesha mara mamia kwa makadirio tofauti, na ramani ninayotoa huonyesha uwezekano wa kila mtaa kufikiwa na maji. Anayetaka mstari mmoja wa uhakika simpi.

Halafu kuna makalavati. Kwenye michoro yako wazi. Mtaani yamejaa mchanga na chupa za plastiki. Kwa hiyo nahesabu yakiwa wazi, kisha yakiwa yameziba.

Ukiwa unakaa Kigogo, Vingunguti au Jangwani, maji yakiacha alama ukutani, ipige picha, pima urefu wake kutoka ardhini, andika tarehe na saa. Kwa vipimo hivyo ndivyo ninavyojua makadirio yapi ya kutupa.