Huyo "nyigu" wa kwenye taa ni dume la siafu

Kila msimu napigiwa simu usiku: kuna nyigu mkubwa ndani, anagonga taa, watoto wamekimbia. Nikiuliza yukoje, maelezo ni yale yale. Rangi ya hudhurungi, urefu kama sentimita 3, tumbo refu nene kama soseji. Na tayari kamwagiwa nusu kopo la dawa.

Jamani, si nyigu, na hana mwiba. Kwa siafu, nyigu na nyuki, mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka silaha, kwa hiyo dume hawezi kuwa nao. Kumfananisha na nyigu nawasamehe. Linnaeus mwenyewe, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1764 alimwandika kuwa nyigu, akamwita Vespa helvola. Kumpulizia dawa ndiko siwasamehe. Mtazame kwanza: kifua kina vinyweleo, macho ni makubwa meusi. Dada zake, vibarua tunaowajua, hawana macho kabisa, ndiyo maana hakuna anayeamini kwamba ni ndugu.

Macho na mabawa anavihitaji kwa sababu malkia wa siafu haruki kamwe. Dume ndiye anayesafiri usiku kutafuta kundi lingine la siafu. Akiukuta msafara wao, vibarua humkamata, humnyofoa mabawa na kumburuta kiotani kwa malkia mwali. Baada ya kupandana, hufa. Taa yako imempoteza njia tu. Izime, fungua dirisha, kalale. Hiyo dawa utaipumua wewe.

"Siafu watamfuata ndani." Hapana. Ameruka peke yake, haongozi mtu.

"Basi ni kumbikumbi." Wapi! Kumbikumbi ni mchwa, jamii ya mende. Hana kiuno chembamba, na dume lake hukaa na malkia kama mfalme maisha yake yote.

"Askari wenye mataya ndio madume." Wote ni majike. Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa: babu anaye, baba hana.

Ila kupigana, wapo madume wanaopigana. Kwa sisimizi Cardiocondyla obscurior, kiota kimoja huwa na madume ya aina mbili. Yasiyo na mabawa huua wapinzani. Yenye mabawa hutoa harufu kama ya malkia mwali, na yale yasiyo na mabawa, badala ya kuyaua, hujaribu kuyapanda.