Kitwitwi hana haja na mkate wako

Juzi tena, pale Mikindani, mgeni niliyempeleka kutazama ndege akafungua mfuko wa mkate. Ameishi Uingereza, na kule, akasema, barafu ikifunga mabwawa watu huwalisha bata maji, wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu. Sawa. Bata maji wa kule hufikia kilo 10 na hula majani ya majini. Bwawa likiganda majani hayafikiki. Kitwitwi tuliyekuwa tukimtazama, ndege mdogo wa ufuoni, ana gramu 60 hivi. Huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia na huja kwetu kuikimbia baridi hiyohiyo. Huku amekosa nini?

Tatizo ni saa watu wanayomwona. Maji yamejaa, ndege wamejazana juu ya fungu la mchanga, midomo wameificha mgongoni, hakuna anayekula. Basi inasemwa wana njaa, wamechoka, wasaidiwe. Jamani, chakula chao kiko chini ya maji! Wanasubiri yapwe washuke kwenye tope kuchokoa minyoo, vikaa na vikome vidogo, hata usiku. Mkate hawaujui. Anayeshiba ni kunguru, naye akishazoea ufuo atayala mayai ya ndege wanaotaga mchangani.

Afadhali wa mkate kuliko anayewasogelea “kuangalia kama ni wazima”. Wanaruka, wanazunguka, wanatua. Naye huyo nyuma yao na simu. Kila kuruka kunaunguza mafuta, na mafuta hayo ndiyo nauli ya kurudi Siberia. Kufikia Aprili, kusi ikianza, ndege aliyejiandaa amenona na kifua kimegeuka chekundu. Aliyeshinda akikimbizwa atanona saa ngapi? Nimesema mpaka nimechoka: fika mapema maji yakiwa bado yanajaa, keti chini, tulia. Maji yenyewe yatawasukuma mpaka karibu yako. Na mbwa afungwe.

Mgeni wangu alielewa. Mkate tuliula wenyewe.

Yapo na mengine ninayoambiwa ufuoni. “Huyu kavunjika mguu.” Hajavunjika, kaukunja ndani ya manyoya. Ukimkaribia anaweza hata kurukaruka kwa huo mmoja, uvivu tu wa kuushusha wa pili.

“Mbona huyu kabaki Juni, mgonjwa?” Wengi wanaobaki, hata wale ndege wakubwa zaidi wa ufuoni waitwao sululu, ni wadogo wa mwaka wa kwanza. Hawajafika umri wa kutaga, sasa safari ya nini?

Halafu pete ya mguuni. Nimeambiwa ni ya mganga, nimeambiwa ni ya kijasusi, na kuna kijana aliniuliza itauzwa bei gani. Ni kipande cha chuma chepesi chenye namba, kilichovishwa na watafiti ili wajue ndege anafika wapi na anaishi miaka mingapi. Ukimkuta amekufa, andika namba yote, mahali na tarehe, kisha upeleke taarifa kwa maofisa wa wanyamapori. Akiwa hai, isome kwa darubini. Usimkamate.