Foleni, paking na zile stori za "watu wanapenda tu magari"

Kuna stori watu wanazirudia kila siku kuhusu magari mjini, tuzichambue moja moja.

"Ongeza leni foleni iishe." Hii wanasiasa wanaipenda kuliko zote, kuna utepe wa kukata siku ya uzinduzi. Ukweli ni kwamba barabara ikishapanuliwa miezi ya mwanzo ni raha tupu, halafu aliyekuwa anapanda treni anarudi kwenye gari, aliyekuwa anatoka alfajiri kukwepa foleni naye anajiamulia kutoka saa moja, na mwenye kiwanja huko mbali anaanza kujenga maana mjini si mbali tena, mwishowe barabara imejaa upya. Houston, Marekani, waliipanua barabara kuu ya Katy Freeway, kazi ikaisha 2008, kuna sehemu ukihesabu na barabara za pembeni unapata leni 26 (ishirini na sita jamani!), na miaka michache mbele foleni za jioni zikawa zinarefuka tena.

"Paking ni bure." Nani kasema? Miji mingi sheria inamlazimisha anayejenga atenge idadi fulani ya nafasi za magari, atake asitake. Nafasi moja, ukijumlisha na pa kupita kuingia na kutoka, inakula karibu mita za mraba 30, hapo ni chumba na sebule. Sasa zidisha kwa kila duka, kila ofisi, unapata lami kila kona, majengo yanazidi kuachana, kwenda kwa miguu inakuwa adhabu, kwa hiyo hata asiyependa gari analitafuta. Na hiyo gharama imejificha ndani ya kodi ya nyumba na bei ya bidhaa, kwa hiyo anayekuja kwa miguu anamlipia mwenye gari, hapa ndo huwa nachoka kabisa. Buffalo, mji wa Marekani, waliifuta sheria hiyo ya kulazimisha paking 2017, Mexico City mwaka huohuo wakaigeuza, badala ya kiwango cha chini wakaweka kikomo cha juu.

"Waholanzi wamezaliwa na baiskeli." Wapi! Miaka ya 60 Amsterdam ilikuwa inajaa magari kama kwingine. 1971 ajali za barabarani Uholanzi ziliua zaidi ya watu 3,000, watoto zaidi ya 400, wazazi wakaandamana, 1973 mafuta nayo yakawa shida, ndipo sera zikageuka na njia za baiskeli zikajengwa.

"Magari ya umeme yatamaliza tatizo." Moshi wa bomba sawa, utaisha. Ila gari la umeme linakaa foleni ileile na linataka paking ileile.