Faradhi kifaya: wajibu wa mji mzima, na elimu zilizomo ndani yake

Faradhi kifaya ni wajibu ambao sharia imeuweka juu ya jamii kwa pamoja. Wakiutekeleza watu wa kutosha, waliobaki wamesalimika. Wakiuacha wote, dhambi inamfikia kila aliyejua na akawa na uwezo. Mfano unaojulikana na kila mtu ni maziko: maiti aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Uliyekuwa kazini siku hiyo huna kosa, majirani wameshatosheleza. Lakini mji ukimwacha maiti wake bila kumzika, wote wenye habari wana lao la kujibu. Mwenzake ni faradhi aini, inayomkaa kila mtu kwa nafsi yake, kama swala tano na funga ya Ramadhani. Hapo hakuna wa kukutosheleza.

Wengi tulisomeshwa haya chuoni, tukaishia kwenye jeneza. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu wanazuoni waliifikisha dhana hii mpaka kwenye mashamba, masoko na nyumba za wagonjwa. Aya ya 122 ya Suratut Tawba inaelekeza kwamba waumini wasitoke wote, ila katika kila kundi litoke tapo likajifunze dini ili liwaonye wenzao. Elimu ya kina ya dini ni kifaya, basi. Swali lililofuata ni la elimu nyingine.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijibu waziwazi katika kitabu chake Ihyaa Ulumiddin. Utabibu ni faradhi kifaya kwa sababu miili haiwezi kukaa bila huo. Hesabu ni faradhi kifaya kwa sababu biashara, wasia na mirathi haviendi bila hiyo. Akaongeza kilimo, ufumaji, ushonaji, hata kupiga chuku, yaani kuumika damu. Kisha akalalamika, na lalamiko lake bado lina moto. Miji mingapi, aliuliza, haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu, na huku vijana wanasongamana kwenye fikihi, yaani elimu ya sharia, hasa mabishano ya wanazuoni, katika mji uliokwisha kujaa mafakihi? Sababu aliitaja bila kuficha: utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu, mali za mayatima wala kiti cha ukadhi.

Mirathi inaonyesha vizuri jinsi hesabu ilivyo ndani ya dini yenyewe. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni (moja ya nane), mama ana sudusi (moja ya sita), kilichobaki ni cha watoto, na fungu la mwana wa kiume ni sawa na mafungu mawili ya binti. Ukigawa mali mafungu 24, mke anapata 3 na mama 4. Yanabaki 17, na watoto wanahitaji mafungu matano; 17 haigawanyiki kwa 5. Kwa hiyo unazidisha 24 kwa 5, mali inakuwa mafungu 120: mke 15, mama 20, kila mwana wa kiume 34, binti 17. Jumlisha, utapata 120 kamili. Asiyejua kutafuta kigawanyo atamdhulumu mjane huku amehifadhi aya yenyewe. Mwanahisabati Al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alisema katika dibaji kwamba watu wanaihitaji katika mirathi, wasia, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji.

Kwetu pwani mgawanyo uliozoeleka ni mwingine: elimu ya dini na elimu ya dunia, ya kwanza ina thawabu na ya pili ni ya kutafutia mkate. Una historia yake. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na siwalaumu. Ila hasara yake ilionekana mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu wasome elimu za kisasa bila kuiacha dini na Kiarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kikaanza kupokea wanafunzi mjini humo; leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Dhana hii haihalalishi kila kinachoitwa elimu. Ghazali huyohuyo aliuweka uchawi katika elimu zilizokatazwa, na akasema kuzama katika vijipengele vya hesabu na tiba kupita haja ni fadhila tu, wajibu umekwisha kabla ya hapo. Wala kifaya haifuti aini. Mhandisi asiyejua nguzo za udhu wake ana deni la kulipa kwanza. Na kifaya yenyewe inaweza kugeuka aini: mtu anazama, na katika waliosimama ufukweni ni mmoja tu anayejua kuogelea. Wajibu wote umemwangukia yeye.

Na sisi wengine tusioweza? Imam Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, ana jibu ambalo nalipenda kuliko yote. Wenye uwezo wa kazi wanaifanya, alisema, na wasioweza wanatakiwa kuwainua na kuwawezesha wanaoweza. Alitaka mwalimu amwangalie mtoto anaelekea wapi kwa kipaji chake, amshike mkono kwenye njia hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara anayemlipia ada binti wa jirani asomee ukunga yumo ndani ya faradhi, hata kama yeye mwenyewe hajui kupima presha. Harambee ya ada inastahili uzito uleule tunaoupa mchango wa sanda.

Limebaki suala la kiasi: kutosheleza ni kufika wapi? Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ndiyo yetu wengi wa pwani, walilipima kwa umbali. Walisema kila masafa ya kasri, yaani safari ya kufupisha swala, kilomita themanini na kitu, pawe na mufti, mwanazuoni wa kutoa fatwa. Na kadhi awe karibu zaidi, kiasi kwamba mtu akiondoka alfajiri kwenda kwake anaweza kurudi nyumbani siku ileile. Kadhi aliwekwa karibu kwa sababu watu wanagombana mara nyingi kuliko wanavyouliza fatwa. Kipimo hicho kikichukuliwa kwa mkunga, daktari wa watoto na mwalimu wa hesabu, masafa itabidi yawe mafupi zaidi, maana uchungu wa uzazi hausubiri mtu aende na kurudi. Vijiji ambavyo mkunga yuko mbali kuliko kadhi bado vina faradhi haijatekelezwa, hata kama misikiti yake imejaa safu hadi nje.