Njoo na kigae chako: mihadhara ya wazi kuhusu Asia inaanzia pwani yetu

Bibi mmoja kutoka Kunduchi alikuja kwenye mhadhara wetu wa wazi chuoni, kitu amekifunga kwenye pindo la kanga. Alikaa nyuma karibu na mlango, akasikiliza mpaka mwisho bila kuuliza neno. Watu walipoanza kusogea kwenye meza ya chai na sambusa, yeye akaja mbele, akaitikia shikamoo zetu, akafungua fundo na kuweka mezani kigae, kipande cha chombo kilichovunjika, cha kuenea kiganjani. Kilikuwa cha kijani, rangi ya jani changa la mgomba. Alikiokota akilima, miaka mingi nyuma, akakitunza kabatini. Alitaka kujua ni cha nani.

Tangu siku ile nashikilia kwamba mhadhara wa Asia kwa wananchi uanzie kwenye kitu ambacho mtu wa hapa anaweza kukishika. Ramani na majina ya wafalme vitafuata baadaye.

Kigae kama kile husomwa kuanzia kitakoni. Cha bibi kilikuwa na kipande cha kitako, na pale ambapo mfinyanzi hakupaka rangi ya kung'aa, udongo ulikuwa umeungua ukawa mwekundu wa kahawia. Hiyo ni alama tunayoitafuta kwenye vyombo vya Longquan, katika jimbo la Zhejiang, kusini mashariki mwa China. Tanuri za huko zilitoa kaure ya kijani kwa wingi mno kati ya karne ya 13 na ya 15. Kingekuwa cheupe chenye maua ya buluu, tungefikiria Jingdezhen, mji mwingine wa wafinyanzi wa China. Nenda Kunduchi au Kaole ukayatazame makaburi ya nguzo: wazee wetu walipachika sahani na bakuli za namna hii kwenye chokaa ili kumheshimu marehemu. Nyingi zimeng'olewa. Yamebaki mashimo ya duara, na ukipitisha kidole ndani yake unaugusa ukingo wa chombo kisichokuwapo.

Swali linalofuata kila mara ni hili: basi Wachina walifika huku? Walifika, ndiyo. Misafara ya Zheng He, jemadari wa merikebu za China, kati ya 1405 na 1433, ilifikia pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwenye ikulu ya Ming, ukoo uliotawala China wakati huo. Mwaka 2013 watafiti walipata kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu ya mfalme Yongle, huyo huyo aliyemtuma Zheng He. Lakini kaure ya China ilikuwa ikifika kwetu karne nyingi kabla yake, na sehemu kubwa haikuletwa na merikebu za Wachina. Ilibadilisha mikono. Ilitoka bandari za kusini mwa China, ikapita India na Ghuba, kisha wafanyabiashara wakaipakia majahazini na kuteremka na kaskazi hadi Mombasa na Kilwa. Kusi ilipoanza kuvuma, majahazi yaligeuza yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko.

Mhadhara mzuri hauogopi kusema hapana. Wapo wanaoamini kwamba Shanga, mji wa magofu ulioko kisiwa cha Pate, ulipewa jina na mabaharia wa Zheng He kutoka Shanghai waliovunjikiwa na chombo. Ni hadithi tamu, na wenyeji wameisimulia kwa mapenzi. Lakini uchimbaji umeonyesha kwamba Shanga ilikuwa na watu tangu karne ya 8 na ikahamwa karibu mwaka 1425, wakati misafara ya Zheng He ilikuwa bado haijaisha. Majina mawili kufanana si ushahidi. Nimeona sura za watu zikinyong'onyea ninaposema hivyo, na nawaelewa, ila ukweli wa Shanga ni mkubwa kuliko hadithi ile: ni mji uliojengwa na watu wa pwani, ukafanya biashara na bahari nzima.

Asia pia si China peke yake, na hapa ndipo shughuli nyingi za vyuo zinapopungukiwa. Mtazame mvuvi akisukuma ngalawa. Ile mirengu inayoisimamisha ubavuni ina nasaba na vyombo vya Asia ya Kusini Mashariki, walikotoka mabaharia waliopeleka lugha yao Madagaska. Kimalagasi ni ndugu wa lugha zinazosemwa huko, kisiwani Borneo. Wanaakiolojia wamekuta choroko na mpunga wa Asia kwenye maeneo ya kale ya Komoro na Madagaska, wakati ule ule ambapo huku bara watu walikuwa wakila zaidi mtama na uwele. Ukimwambia mama anayechagua choroko sokoni kwamba mbegu ile ina safari ya namna hiyo, hasahau.

Njia ile ilikuwa na watu wetu pia, wengine wakiwa wamechukuliwa utumwani. Gujarat, India, wapo Wasidi, kizazi cha Waafrika, na ngoma yao ya ibada wanaiita goma. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia na kuuzwa utotoni, alipanda hadi kuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar, huko huko India, akapambana na majeshi ya Mughal, dola kubwa ya kaskazini, hadi alipofariki mwaka 1626. Ningependa kila mwanafunzi anayejua jina la Zheng He alijue na hili.

Ndiyo maana sherehe ya Diwali au ya mwaka mpya wa Kichina ikifanyika chuoni bila mtu wa kueleza, naihesabu kuwa nusu. Dansi ya simba inapendeza, taa zinapendeza, watoto wanafurahi. Kisha watu wanarudi nyumbani wakidhani Asia ni jambo la wageni. Mwandalizi aweke nusu saa ya mazungumzo kabla ya chakula, kwa Kiswahili, na maikrofoni ipite kwa wasikilizaji. Nawe mwananchi, milango ya mihadhara ya wazi haiulizi cheti. Hakuna haja ya kujua Kichina wala Kihindi.

Ukiwa na kigae, ushanga wa akiki au sarafu, njoo nayo, au piga picha. Usikisugue kigae kwa sabuni ya unga wala kukigundisha. Muhimu kuliko vyote, kumbuka ulikiokota wapi, maana kigae kisicho na mahali kimepoteza nusu ya maneno yake. Usichimbe kutafuta vingine: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na shimo la jembe likishavuruga tabaka za udongo, hakuna mtaalamu wa kuzirudisha.

Cha bibi tulikipiga picha pande zote mbili, rula ikiwa kando. Kisha tukafungua daftari, naye akatuelekeza pole pole: ukishuka kutoka msikitini, upande wa baharini, mbele kidogo ya kisima kilichofukiwa, pale ulipokuwa mwembe.