Wikiendi ya kwanza ni mali ya filamu iliyotangulia

Kila filamu maarufu ikitoa sehemu ya pili, naulizwa swali lile lile: imeipiku ya kwanza au imeanguka? Watu huchukua jumla mbili za mauzo ya tiketi, wakazilinganisha, hukumu ikapita. Nimechambua takwimu hizi kwa miaka mingi na hesabu hiyo bado inanikera, maana inachanganya fedha zilizoingia kwa sababu mbili tofauti kabisa.

Fedha za wikiendi ya ufunguzi huletwa zaidi na filamu iliyotangulia. Anayekata tiketi siku ya Ijumaa hajaiona sehemu ya pili, na rafiki zake pia hawajaiona. Kinachomvuta ni utamu wa ile ya kwanza. Chukua Austin Powers. Ya kwanza, mwaka 1997, iliingiza takriban dola milioni 54 Marekani na Kanada kwa muda wote iliokaa kwenye kumbi. Kisha watu wakaigundua majumbani, kwenye kanda za video. Mwaka 1999 sehemu ya pili ikaingiza karibu milioni 55 katika wikiendi moja. Mapenzi yaliyokua sebuleni yalikuja kulipwa kwenye dirisha la tiketi.

Kuanzia wiki ya pili, filamu inajitegemea. Kwa hiyo mimi hugawanya jumla ya soko la nyumbani, yaani Marekani na Kanada, kwa mapato ya wikiendi ya kwanza, nikaona filamu imejizidisha mara ngapi. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba mfumuko wa bei hauigusi. Tiketi ya Marekani ilikuwa wastani wa dola 3.71 mwaka 1986 na dola 9.11 mwaka 2018, lakini filamu ikigawanywa kwa ufunguzi wake yenyewe, dola ni za mwaka ule ule.

Tazama Black Panther ya 2018 na muendelezo wake, Wakanda Forever ya 2022. Ufunguzi ulikuwa milioni 202 dhidi ya 181, pungufu kwa asilimia kumi tu. Jumla ya nyumbani ikawa 700 dhidi ya 454, pungufu kwa asilimia 35. Ya kwanza ilijizidisha mara tatu na nusu, ya pili mara mbili na nusu. Pengo kubwa, basi, lilichimbwa baada ya ufunguzi.

Ukisogea karibu zaidi utaona jambo la ajabu. Maonyesho ya Alhamisi usiku yaliiletea ya kwanza kama milioni 25, ya pili milioni 28. Hadi Ijumaa inaisha, ya pili ilikuwa bado mbele, takriban 84 kwa 76. Ilipitwa Jumamosi na Jumapili. Kalenda ina mkono wake hapa: Ijumaa ya sehemu ya pili, tarehe 11 Novemba, ilikuwa Siku ya Maveterani, sikukuu ya Marekani, na wikiendi ya 2018 ilifuatiwa na Jumatatu ya Siku ya Marais, sikukuu nyingine, kwa hiyo Jumapili usiku wengi hawakuwa na haraka ya kulala. Lakini Jumapili iliyonona namna hiyo ingetakiwa kuifanya wikiendi ya pili ya Black Panther ionekane imeporomoka zaidi. Haikuwa hivyo. Black Panther ilishuka asilimia 45, Wakanda Forever asilimia 63. Naamini wengi walikwenda kumuaga Chadwick Boseman, mwigizaji mkuu wa ile ya kwanza, aliyefariki Agosti 2020, na msiba hauendewi mara tatu. Ile ya kwanza watu waliirudia kama sherehe.

Kwa dunia nzima pengo lilikaribia milioni 490, na kama milioni 90 zilipotelea China, ambako sehemu ya pili ilichelewa miezi mitatu. Studio huko hubakiza kama robo ya tiketi, wakati nyumbani hubakiza karibu nusu, hivyo shimo hilo ni dogo kuliko linavyoonekana.

Tahadhari moja: sehemu ya pili kwa kawaida hujizidisha kidogo, kwa kuwa mashabiki huwahi. Avatar ya 2009 ilianza na milioni 77 ikajizidisha karibu mara kumi. Muendelezo wake, The Way of Water, ulianza na 134 ukafika mara tano. Mara tano kwa muendelezo ni maajabu, na sikubaliani na anayeita huko ni kushuka.

Kuna wakati sifa mbaya huwahi kufika kuliko filamu. Joker ya pili, Oktoba 2024, ilifungua na takriban milioni 38 ilhali ya 2019 ilifungua na 96. Ilikuwa imeshaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice na maneno yalikuwa yamesambaa. Wikiendi iliyofuata ikaporomoka kwa asilimia 81, ikabaki na milioni saba hivi. Aliyeshika nafasi ya kwanza wikiendi hiyo hiyo ni Terrifier 3, filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa takriban milioni mbili. Iliingiza karibu milioni 19 kwa siku tatu, zaidi ya zote ambazo Terrifier 2 ilipata duniani kote mwaka 2022.